Gome, Supu na Binti wa Sendeu

Jumatano, 1 Juni 1983
Niko joshoni tangu alfajiri, naogesha mifugo. Ng'ombe wa kijiji cha Malambo wamefika wengi, vumbi tupu. Nimeacha kazi mara nyingi kwenda nyuma ya zizi. Nasimama, nasubiri, yanatoka matone. Vijana wananicheka ndani ya shuka zao. Nawachukia. Baridi ya huku juu inazidisha shida.

Jumamosi, 4 Juni
Sendeu kaleta gome. Kalibandua mwenyewe kwenye mti mkubwa, msituni ukingoni mwa kreta. Ni mwenzangu wa rika, tulitahiriwa msimu mmoja. Haya ya mkojo namwambia yeye tu. Tumechinja beberu, gome tukalichemsha kwenye supu. Chungu kama nyongo. Anasema lilimfaa baba yake. Nimekunywa bakuli baada ya bakuli, maana kwetu supu ya dawa haibakizwi sufuriani.

Jumanne, 7 Juni
Nafuu! Nimelala. Mke wangu kacheka nami asubuhi, jambo la siku nyingi. Kisha kaanza tena habari za hospitali ya Karatu. Nimemkatalia kwa ukali. Sababu anaijua. Muuguzi wa wodi ya wanaume ni Naserian, binti wa Sendeu. Binti wa mwenzako wa rika ni binti yako, haoni uchi wako. Afadhali kufa. Naandika hivyo na ndivyo ninavyomaanisha.

Jumapili, 12 Juni
Sikwenda kanisani. Nafuu imekwisha. Chini ya kitovu pamejaa, pagumu. Sendeu anasema mara ile tulichemsha gome kidogo mno. Leo sufuria kubwa, nikanywa yote, naye akinihimiza. Wajinga wawili. Supu inaingia, haitoki.

Jumatatu, 13 Juni
Hakuna hata tone. Miguu imevimba. Nimelia mbele ya mke wangu, sikujali. Gari la idara ya mifugo halina petroli. Sendeu kakimbia barabarani, karudi na lori la mahindi linaloteremka Karatu. Naandika tukimsubiri dereva azibe pancha. Sendeu kaniegemeza begani. Jina la binti yake hajalitaja. Wala mimi.

Alhamisi, 16 Juni
Mkono una nguvu kidogo leo. Niandike yaliyotokea.
Tulipofika jioni ile daktari alikuwa chumba cha upasuaji na mama mjamzito. Wodini Naserian peke yake. Nikamwambia namsubiri daktari. Akanibonyeza tumbo, nikapiga yowe.
"Baba, ukisubiri utakufa. Funika uso."
Nikajifunika shuka usoni. Akaniwekea mpira wa kutolea mkojo. Mkojo ukamwagika kwenye ndoo, na Sendeu yuko nje ya dirisha, anasikia kila kitu. Raha niliyoipata siwezi kuieleza. Niliionea aibu kuliko uchi wenyewe.
Tangu hapo, kila asubuhi huvua kofia yake nyeupe na kuinamisha kichwa nikiguse, kama mtoto yeyote wa kwetu anavyomwamkia mzee. Nageukia ukutani. Husimama kidogo, kisha huenda kitanda cha pili.

Jumamosi, 18 Juni
Daktari kasema. Figo zimeharibika. Tezi dume imevimba na kuziba njia ya mkojo muda mrefu, mkojo ukawa unarudi juu. Nilimwuliza kuhusu gome. Hakucheka. Anasema Ulaya wanatengeneza vidonge kwa mti huohuo, na wapo wanaopata nafuu shida ikiwa bado ndogo. Njia ikishaziba, gome haliizibui. Angenipeleka Moshi kupasuliwa, lakini kwa hali hii sitatoka hai kwenye meza ya upasuaji.
"Ungekuja mwaka jana, Mzee."
Mwaka jana Naserian alikuwa hapahapa. Ndiyo maana sikuja.
Nina hasira na Sendeu. Nina hasira zaidi na mimi. Sitaki kufa. Niliandika afadhali kufa, na ulikuwa uongo.

Jumapili, 19 Juni
Ukungu dirishani. Sendeu kaondoka mapema kumchukua mke wangu. Tuliagana vizuri.
Naserian kaja kubadilisha mfuko wa mkojo. Kamaliza, kanawa, kavua kofia, kainamisha kichwa. Ana mvi moja juu ya sikio, na umri wake bado mdogo.
Nimemwekea mkono kichwani. Hakuinuka upesi, nami sikuuondoa. Tulikaa hivyo mpaka chai ikaletwa.