Mkuu wa Waashi wa Nyumba ya Nguzo Sita

Thika, 4 Februari 1956

Mwanangu Kaleli,

Pokea salamu zangu na za mama yako. Sisi tu wazima, ila kifua changu bado kina vumbi la mawe. Je, huko Ruiru karani wetu anakula chakula, au ni chai na daftari tu?

Kanisa letu la udongo limechoka. Wazee wamekubali tujenge la mawe, na kamati inatafuta fundi mkuu. Nimewaambia fundi yuko, ni mimi. Mwenyekiti wao, Mukonyo, anataka cheti. Nilicheka. Yale majumba saba ya Barabara Kuu, ambayo watu huyaita makasri, nimeweka mawe katika manne. Lile la nguzo sita nilikuwa mkuu wa waashi tangu msingi hadi paa.

Ndani ya bahasha utapata barua aliyonipa Bwana Thornley, mwenye jumba hilo, mwaka 1928, tulipomaliza. Imekaa sandukuni miaka ishirini na minane. Igeuze kwa Kiswahili, uipige taipu kwa mashine ya ofisini. Kamati itaamua baada ya Pasaka.

Baba yako,
Musau

(Anayeandika ni mimi, dada yako Ndila. Alitaka "mkuu wa waashi" iandikwe mara mbili. Nikafuta moja.)


Ruiru, 12 Februari 1956

Nau, baba yangu mpendwa,

Nimefurahi kusikia mko salama. Mimi ni mzima, isipokuwa jino moja linalonisumbua.

Barua yako ilifika tarehe 9. Niliisoma siku hiyo hiyo, kisha nikakaa siku tatu bila kujua nitakuandikia nini. Nau, ile ya Thornley si cheti. Inasema hivi: "Mwenye karatasi hii aruhusiwe kupita lango la nyuma achukue ngazi yake. Asikanyage maua." Halafu sahihi. Hakuna zaidi.

Lakini Thornley siku hizi anaishi huku Ruiru, katika shamba lake la kahawa, mwendo wa saa moja kutoka kiwandani kwetu. Nitamwendea nimwombe cheti cha kweli.

Mwanao,
Kaleli


Thika, 20 Februari 1956

Kaleli,

Salamu. Hali ya nyumbani usiulize.

Ndila ameisoma barua yako mara tatu kwa sababu nilidhani anakosea. Karatasi ile niliitoa hata siku niliyokwenda kumposa mama yako. Babu yako aliishika kwa mikono miwili! Sasa mama yako amecheka mpaka akakaa chini. Mimi sijacheka.

Sikiliza. Mashine unayo, Kiingereza unacho, na sahihi ya mzungu iko hapo ya kuiga. Andika wewe. Si uongo, kwani nyumba sikujenga? Barasa naye anaitaka kazi hii, na cheti anacho. Alijenga choo cha shule.

Baba yako,
Musau


Ruiru, 18 Machi 1956

Nau mpendwa,

Natumaini kifua kimepata nafuu. Jino langu limeng'olewa.

Nakupa habari kama nilivyoziandika katika daftari langu. Tarehe 25 Februari nilikwenda, Thornley alikuwa Nakuru. Tarehe 3 Machi nilifukuzwa na mbwa. Aketch, mpishi wake, akaniambia, "Karani, rudi Jumamosi ijayo, na uje na viatu vya kukimbilia." Tarehe 10 nilionana na Thornley mwenyewe.

Akasema, "Nyumba ile ilijengwa na msanifu kutoka London."

Nikamwambia, "Msanifu alichora, bwana. Aliyejenga ni baba yangu."

"Watu wa mawe walikuwa wengi. Siwezi kumkumbuka kila mmoja."

Kisha akaniuliza kama kahawa ya kiwanda chetu inakauka vizuri na mvua hii. Nikamjibu, kwa adabu. Tangu siku hiyo nimejichukia kwa kumjibu.

Kuiga sahihi siwezi. Jela naiogopa, lakini si hilo tu. Sahihi ile ingesema kwamba Thornley anakukumbuka. Hakukumbuki, Nau.

Nisamehe.

Mwanao,
Kaleli


Thika, 9 Aprili 1956

Mwanangu,

Salamu, na pole kwa jino.

Kwa kuwa cheti hakuna, niliichukua kamati nzima nikaipeleka Barabara Kuu. Tulikuwa tisa. Hatujafika jumba la pili, askari akatuuliza, "Mkutano huu una kibali?" Ikabidi twende wawili wawili, tukiachana kama watu wasiojuana, mimi nikikimbia mbele na nyuma kueleza. Fikiria, na kifua hiki! Penye nguzo sita, Mukonyo alipitisha ukucha kwenye kiungo cha mawe ya ukuta wa nje. Haukuingia. Akanitazama. Nikajua kazi nimepata.

Jana kanisani wakamtangaza Barasa.

Nilimshika Mukonyo mlangoni. Akasema, "Musau, tumeona kwa macho yetu. Wewe ni fundi wa makasri. Sisi tuna mawe ya mtoni na akina mama wa kujitolea. Utatugombeza kila siku." Yaani nimenyimwa kwa kuwa najua! Bora ningewapeleka kwenye kile choo cha shule.

Leo asubuhi walianza kutandika msingi. Jioni Barasa akaja hapa, kofia mkononi. "Mzee, kona zinanikataa. Kamba ya kupimia haikutani." Nikamwambia aende zake. Hakwenda. Mama yako akampa uji, akaunywa wote, akazidi kukaa.

Kesho tutang'oa alichotandika tuanze upya. Mukonyo akiuliza, Barasa atasema ni yeye aliyeamua, na siku ya kufungua kanisa litasomwa jina lake. Hasira yangu haijaisha, Kaleli. Lakini siwezi kumwomba Mungu kila Jumapili huku natazama kona iliyopinda.

Baba yako,
Musau