Usijipake Tena Dawa ya Ng'ombe

Pangani, Kibaha

Baba Kudra wangu,

Hatujambo, ila mimi usingizi umenielemea. Mwanao ameota jino la nne.

Ile Jumapili uliporudi kutoka Chole kuwinda nguruwe pori wanaomaliza mihogo ya mama yako, Kudra alikukumbatia miguu. Ulipoondoka akatokwa mate mengi, akatapika. Nikamkimbiza hospitali, daktari akaniuliza, "Mama, mtoto ameshika dawa gani?" Nilianza kusema sijui, nisikuaibishe. Nikamtazama mtoto, nikasema kweli: ni dawa ya kuogeshea ng'ombe, baba yake hujipaka kuzuia kupe. Sasa amepona.

Nakutumia suruali ya rangi ya maziwa, kupe akipanda umwone. Ichomeke ndani ya soksi. Najua mdogo wako Jabiri atacheka, "Shemeji kakuvalisha kama mtoto wa madrasa!" Mwache acheke. Ukitoka porini jikague mpaka kwapani. Ukimkuta kupe, mvute kwa kibanio, usimchome na sigara.

Nakupenda, na nyumba ni yako. Lakini ukija, utaoga kwanza kwa sabuni, ndipo nikupe mtoto. Hata akikulilia pale mlangoni, sitamwachia.

Mkeo,
Zuwena