Fainali Iliyohamia Kwetu

Mjukuu wangu Salma, asalaam aleikum. Nyanyako mzima, ila goti lamsumbua. Waniuliza ile fainali ya wakati wa korona. Wote waliokuhadithia wameikosea, sikiza mimi.

Fainali yetu ya mpira na timu ya Majengo ilikuwa ichezwe Malindi, mipaka ya kaunti ikafungwa. Nikasema, "Basi ichezwe hapa Mji wa Kale." Kepteni wa Majengo akaruka, "Kwenu? Tuzomewe mpaka tufungwe?" Nikamwambia, "Mwanangu, nyinyi ni wageni. Mtaa mzima utawashangilia nyinyi."

Na wallahi roshani zote ziliwashangilia Majengo. Wakachukua kombe, na vijana wetu wakawabeba mabegani. Mimi nilipiga kelele kuliko wote.

Hapo mwisho nimetia chumvi, mjukuu wangu. Nyuma ya barakoa nilikuwa namuomba Mungu tuwafunge.

Babu yako