Mzee Hafungwi

Jumatatu, 9 Juni 2025

Leo nimeharibu maisha yangu kwa ajili ya chapati.

Ilikuwa saa nne, wakati wa chai. Bosi wetu, Bi Anjela, aliingia masijala bila kubisha, akauliza ni nani kati yetu anayeelewa viti vya gari vya watoto. Wakati huohuo mimi nilikuwa nimenyoosha mkono juu ya kabati la mafaili, ambako chapati yangu huwa naiweka mbali na Nestory wa mapokezi. Bosi akauona mkono. Akasema, vizuri sana, Vailet. Nami nikaogopa kuushusha!

Habari yenyewe ni hii. Jana walikuwa wanatoka kanisani. Mtoto wake, Wolfgang, miaka miwili na nusu, alikuwa amefungwa vizuri kwenye kiti chake huko nyuma. Walipofika Singe akachoropoka kwenye mikanda, akasimama katikati ya viti, akamziba mama yake macho kwa mikono miwili. Alitaka mama abahatishe ni nani. Gari likaingia kwenye shamba la alizeti. Hakuna aliyeumia isipokuwa alizeti.

Jumamosi wanapanda mlima kwenda Dongobesh, kijijini kwa mumewe. Baba wa mtoto yuko kazini Mwanza, kwa hiyo bosi anaendesha mwenyewe. Kile kipande cha mlima baada ya Dareda nakifahamu — kona, na pembeni hakuna kitu. Hewa tu. Mimi nitakaa nyuma, nihakikishe mtoto hatoki.

Kipindi changu cha majaribio kinaisha tarehe 30. Anayeandika taarifa yangu ni yeye. Lakini nikiwaza ule mlima, hata taarifa naisahau.

Jumanne, 10 Juni 2025

Baada ya kazi nimekwenda nyumbani kwa bosi, Bagara. Gari lilikuwa limesimama uani. Nilikuwa na saa, kalamu na daftari.

Nikamfunga mtoto, nikapima muda wa kutoka. Mara ya kwanza: sekunde arobaini. Mara ya pili: ishirini na sita. Mara ya tatu sikuona. Nilikuwa naandika ya pili.

Njia yake ni hii. Wakati wa kufungwa anajaza tumbo hewa na kutulia, mpole kabisa, mtu anaweza kumwonea huruma. Ukimaliza anatoa hewa. Bega la kulia linazama. Mkono unatoka. Kisha bega la kushoto, kisha anateleza kwa mbele, na mikanda inabaki imefungwa vilevile, haina mtu. Kisha anapiga makofi.

Aliyekuwa anamsaidia kupiga makofi ni bibi yake mzaa baba, Bibi Xaveria. Ameshuka kutoka Dongobesh kufuata miwani, na Jumamosi ndiyo anarudishwa. Nilimwamkia, akaitikia, akaniuliza kama nimemwamkia na Mzee. Nikatazama huku na huku. Mzee ni mtoto! Ana jina la marehemu babu yake, na Jumapili ni misa ya kumbukumbu ya huyo babu, kwa hiyo lazima mwenye jina awepo. Bibi humwita "Mzee", na akifurahi sana "mume wangu". Basi nikamwamkia. Akajibu "Maaba" huku ananyonya kidole.

Nilipochukua mikanda kwa mara ya nne, Bibi akasimama mlangoni mwa gari.

"Wewe binti," akasema, "Mzee hafungwi. Anayefungwa ni mbuzi."

Nilimtazama bosi. Bosi alikuwa anatazama paa la jirani.

Jumatano, 11 Juni 2025

Niliomba niondoke na kiti nikakichunguze. Nimekileta kwangu Nakwa kwa bodaboda, nimekipakata. Jirani ninayepanga naye akanipa hongera, akauliza ni mwezi wa ngapi. Nikasema ni kazi ya ofisi. Akasema, ndivyo wanavyosema wote.

Nimenunua kiroba cha sembe cha kilo kumi. Mtoto ana kumi na tatu, nikaongeza vitabu vyangu viwili vya chuo chini yake. Nimekivalisha sweta langu zito, maana Mzee huwa amevaa sweta alilofumiwa na Bibi, nene kama godoro. Nimekifunga mikanda kwenye kiti. Nimekiinamisha kiti kwa mbele.

Kiroba kikatoka! Vitabu navyo vikatoka.

Nimevua sweta. Nimefunga tena, nikavuta mikanda mpaka vidole viwili vikashindwa kuibana ijikunje — ndivyo picha ya kwenye kijitabu cha maelezo ya kiti inavyoonyesha. Kile kibano cha kifua kinachounganisha mikanda miwili nikakipandisha usawa wa kwapa (kiroba hakina kwapa, nimekadiria). Nimeinamisha. Nimetikisa. Nimepindua kiti chini juu. Kiroba kimening'inia, hakitoki.

Yaani siku zote mikanda ilikuwa imefunga sweta. Haikuwa imefunga mtu.

Nimefurahi mpaka nikakiambia kiroba asante. Sidhani kama jirani amesikia.

Alhamisi, 12 Juni 2025

Nimemweleza bosi: mtoto avuliwe sweta. Akasema ni wazo zuri, na kwamba kesho jioni nikamweleze mama mkwe mwenyewe, kwa kuwa mimi ndiye mtaalamu.

Kumbe bosi anaogopa mtu. Sijui kama hilo linanifariji au linanizidishia hofu.

Nestory ameniuliza mbele ya wageni wawili kama mafaili nayo sasa tutayafunga mikanda. Chapati nimeihamisha.

Ijumaa, 13 Juni 2025

Niandike kwa mpangilio.

Nimefika Bagara saa kumi na moja, nikiwa na kiti pamoja na kiroba. Nikamweleza Bibi habari za sweta kwa adabu zote nilizofundishwa. Akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza kama nimewahi kulala Dongobesh mwezi wa sita. Nikasema hapana. Akasema, basi. Akaendelea kuchambua maharage.

Nilikaribia kulia. Na hapo Mzee akaja, akakigonga kiroba kwa ngumi, akasema "Pa!"

Nikakumbuka. Akiletwa ofisini kitu kimoja tu humfurahisha: muhuri wangu. Nikigonga barua anasema pa. Kwetu barua haitoki bila muhuri, na mwenye muhuri ndiye mkaguzi: hafungwi na mtu, anafunga wengine. (Muhuri wa ofisi sikuuchukua. Naandika hapa ijulikane.)

Nikakifunga kiroba kwenye kiti. Nikapiga goti. Nikasema, Mzee, mzigo uko tayari, lakini gari haliwezi kuondoka bila muhuri wako. Akazunguka kiti. Akavuta mkanda wa kulia, akavuta wa kushoto. Akapiga ngumi juu ya kibano. "Pa!"

Nikasema, sasa zamu ya nani kukaguliwa? Akapanda mwenyewe!

Nikamwomba ruhusa ya kuvua sweta. Akanyoosha mikono juu. Bibi aliacha maharage. Nikafunga, nikavuta, akajaza tumbo kama kawaida yake — nikasubiri. Mtu hawezi kushika hewa milele. Alipoitoa nikavuta tena. Kisha nikamvalisha sweta juu ya mikanda, kwa mbele, mikono yake ndani ya mikono ya sweta na mgongo wazi, kama aproni. Akajipiga muhuri kifuani. Dakika moja. Tano. Kumi na moja. Hajatoka.

Bibi akasogea karibu. Akasema sweta limevaliwa nyuma mbele. Nikasema ndiyo, Bibi. Akasema marehemu naye alikuwa hivyohivyo, mkokoteni wake wa punda ulikuwa hauondoki kabla hajazivuta kamba zote kwa mkono wake, hata kama mvua inanyesha. Kisha akasema:

"Neno la Mzee halipingwi. Akikubali mwenyewe, mimi nani?"

Bosi alikuwa dirishani. Alipoona nimemwona akajifanya anafuta kioo.

Jumamosi, 14 Juni 2025

Naandika ndani ya gari. Mwandiko utakuwa mbaya.

Saa 2:15. Kabla ya kuondoka Mzee alidai kukagua. Kiroba (hataki kukiacha, kiko miguuni kwangu) — pa. Mimi — pa, imeniuma. Mama yake — pa. Yeye mwenyewe — pa. Bibi yuko mbele, mkono wa kushoto wa bosi. Gari lilipoanza kulia ti ti ti akapitisha mkanda nyuma ya mgongo wake, akauchomeka, likanyamaza. Alisema yeye si kiroba. Bosi akaondoa gari.

Saa 2:50. Dareda. Mtoto amekaa. Ametulia! Nimegusa mikanda mara tisa.

Saa 2:58. Tumesimama. Mlima uko mbele yetu, naziona kona tatu za kwanza.

Mzee ameona. Bibi aliinama kuchukua chupa ya maji na hakuna kilichomzuia. Mzee akamtazama mgongoni, akauona mkanda uko upande usio wake. Akasema, "Bibi hana pa." Tukajifanya hatujasikia. Akajaza tumbo. Akatoa hewa. Bega la kulia likaanza kuzama. Nikalishika. Akanitazama bila hasira, kama anayesema: kama Bibi hafungwi, na yeye hafungwi. Nikapiga kelele. Bosi akapaki pembeni.

Saa 3:04. Bosi amenitazama kwenye kioo. Mimi ndiye mtaalamu. Nimesema, kwa sauti ambayo sijui imetoka wapi:

"Bibi, samahani. Mzee hajapiga muhuri."

Bibi hakugeuka. Akauliza nani amesema. Nikasema ni Mzee mwenyewe.

Saa 3:07. Lori la vitunguu swaumu limetupita likishuka, limepiga honi. Hakuna aliyelitazama. Bosi ameshika usukani kwa mikono miwili ingawa gari limezimwa.

Saa 3:09. Bibi amevua miwani mipya, ameifuta, ameivaa. Amegeuka nyuma. Anamtazama Mzee. Mzee anamtazama yeye. Bega limesimama palepale, nusu ndani, nusu nje.

Mkono wa Bibi umepita mgongoni, unatafuta mkanda. Umeushika. Haujauvuta.

Bosi ananong'ona, Vailet, acha kuandika, shika mtoto. Nimemshika kwa mkono mmoja.

Mzee amenyoosha ngumi kuelekea siti ya mbele. Iko juu. Bado haijashuka; inasubiri Bibi avute mkanda.