Chupa ya Watu wa Kwetu

Jumapili, saa nne asubuhi. Ni mwezi wa saba, kiangazi kimekaza. Vumbi limeufunika mlima, Nyiragongo hauonekani kabisa, na Goma yote ina rangi ya majivu ya jana.

Viatu vyangu vimelowa.

Naanza na hilo kwa sababu ndilo lililonifanya niandike leo. Ni viatu vyangu vya misa, vyeusi, vya kisigino kifupi. Niliviacha mlangoni jana jioni vikiwa vikavu. Hakuna mvua, na bomba letu halijatoa hata tone tangu Alhamisi. Leo nimetia mguu nikahisi baridi mpaka kwenye vidole. Nikavinusa, na unicheke ukitaka. Vinanuka marakuja, lile tunda la pasheni.

Didier, mume wangu, hajui. Amekwenda kanisani peke yake. Nilimwambia kichwa kinaniuma. Nimemdanganya mume na kumkimbia Mungu kabla hata ya kunywa chai.

Chupa iko mezani mbele yangu.

Ngoja nieleze ilikotoka. Wiki iliyopita tulikwenda Idjwi, kisiwa kilicho katikati ya ziwa letu. Wazo lilikuwa la Didier. Upande wa Rutshuru kunapiganwa tena, watu wa Kibumba wanashuka mpaka Munigi na magodoro kichwani, na sisi wa mjini tunajifanya hatuoni. Tangu volkano ya mwaka jana, lori zito likipita mimi hushika ukuta. Nauza dawa katika famasi moja ya Birere, najua ni nani hununua vidonge vya usingizi. Ni kila mtu. Didier akasema twende siku tatu mahali ambapo ardhi imetulia.

Na imetulia kweli. Idjwi ni nanasi, migomba, kahawa, na ukimya uliotufanya tunong'one bila sababu. Siku ya pili, mchana, mwenye nyumba ya wageni alituelekeza kwa Mama Nsimire, mama mmoja wa makamo anayetengeneza likeri za matunda. Hukata matunda, akayaloweka kwenye kanyanga, ile pombe kali ya kienyeji, pamoja na sukari aliyoiunguza mwenyewe kwenye sufuria, kisha akafunga chupa na kuziacha gizani miezi. Chumba chake kilikuwa na rafu tatu za chupa, kigoda, na vigilasi vidogo visivyolingana.

Alionja kwanza, kama inavyopasa. Ukiwa wa huku kwetu huhitaji kuelezwa: anayekupa kinywaji hukifungua mbele ya macho yako, akanywa yeye kwanza, akakaa kidogo ili umwone mzima, ndipo akakupa. Ni kwa sababu ya karuho, sumu tunayoiogopa kuliko risasi. Karuho, watu husema, haina haraka. Unakunywa leo, unavimba baada ya mwezi, unazikwa baada ya miwili, na aliyekupa amekuja kulia msibani.

Basi Mama Nsimire akaonja ya nanasi, tukanywa. Akaonja ya ndizi, tukanywa. Didier akaanza kucheka peke yake na kupanga atakavyofungua duka. Nilifurahi kumwona hivyo. Kisha ikaja ya marakuja.

Niliijua ladha yake kabla haijafika kooni. Utamu, sukari iliyoungua kidogo kupita kiasi, halafu nyuma yake ubaridi wa jani la mkalitusi. Duniani nimemjua mtu mmoja tu aliyetia jani la mkalitusi kwenye marakuja. Alikuwa mama mdogo Vumilia, mdogo wake mama yangu, na tulishamzika kwa maneno miaka ishirini iliyopita.

Nikamuuliza Mama Nsimire ni nani alimfundisha.

"Mama moya wa Goma," akasema. "Alikuya hapa na mutumbwi wakati ya volkano ya kwanza. Alikuwa anaitwa Vumilia. Alikufa, ni miaka munane sasa."

Miaka minane. Maana yake mingine kumi na miwili alikuwa hai, ng'ambo ya maji ninayoyaona kila siku kutoka kazini.

Sasa ungamo, maana padri hajawahi kulisikia hili.

Mama mdogo Vumilia alikuwa na baa ndogo wakati wa uasi, kabla ya volkano ile ya kwanza. Dereva mmoja wa lori, jirani yetu, alikunywa kwake, na wiki tatu baadaye alivimba tumbo akafa. Leo, baada ya miaka ya kusimama nyuma ya meza ya famasi, ningesema lilikuwa ini. Yule bwana alikunywa kila mahali, siku zote. Lakini wakati ule kila mtu alimshuku kila mtu, na mtaa ulisema karuho. Baa ikafa. Halafu nyumbani kwetu pia vikombe vyake vikaanza kubaki vimejaa. Alikuja akaonja mbele yetu, akakaa, akaonja tena. Tulisema asante, tumeshiba.

Mwanzoni mwa Januari alituletea chupa ya heri ya mwaka mpya. Akaifungua, akanywa, akakaa muda mrefu kuliko desturi, mikono juu ya magoti, akitutazama mmoja mmoja. Alipoondoka mama akanipa ile chupa na kunionyesha nyuma ya nyumba kwa kidevu. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Niliimwaga juu ya mawe, na nilipoinua kichwa alikuwa amesimama pale. Alikuwa amerudi kuchukua mwavuli wake.

Hakukasirika. Alisema tu, "Angalia viatu vyako, Sola. Visilowe."

Nikaangalia viatu vyangu. Nilipoinua macho alikuwa ameshakwenda.

Siku chache baadaye mlima ulipasuka na moto ukateremka mpaka katikati ya mji. Mtaa wake ukawa jiwe. Sisi tulikimbilia Gisenyi, ng'ambo ya mpaka, na hakuna aliyesema tumpitie. Tuliporudi tukasema amekufa na volkano. Ilikuwa rahisi kusema. Hatukumtafuta kwenye kambi hata moja, hatukuuliza bandarini. Mama yangu aliomba misa moja, akalipa, akanyamaza mpaka alipokufa naye.

Nilimwambia Mama Nsimire kwamba alikuwa mama yangu mdogo. Nilisema hivyo nikiwa nimeinamisha kichwa, kwa aibu.

"Naona," akajibu. "Alisema atakuya mutu mwenye kuangalia viatu."

Didier aliacha kucheka.

Mama Nsimire akatusimulia kwamba Vumilia alionja kila kitu mpaka kifo chake. "Hata mayi. Hata kama iko yeye peke. Anakunywa kidogo, anangoya, kisha anamaliza." Kisha akatoka ndani na chupa ya zamani, shingo yake imezibwa kwa nta ya mshumaa, akaiweka juu ya kigoda. Ile hakuifungua. Nilimwomba aonje, kwa mazoea tu, mdomo ulitangulia akili.

"Hii siwezi kuonja," akasema. "Alisema hii ni ya watu wa kwetu. Watu wa kwetu hawana lazima ya kuonjewa."

Didier akasema kwa upole, "Tunashukuru sana, Mama, lakini tutachukua tu ile ya nanasi."

Nilichukua zote mbili. Ya nanasi tulilipia. Hii alikataa fedha, na akanipeleka kuona kaburi, msalaba wa mbao chini ya migomba na kigilasi kimepinduliwa juu ya udongo. Nikasimama pale kama mtu aliyefika ofisini baada ya kufungwa.

Tangu turudi, nyumba haijakaa sawa. Siku ya kwanza harufu ya mkalitusi ilikuwa chumbani, na nta haijaguswa. Didier akaitoa chupa nje, akaiweka juu ya ukuta wa mawe ya volkano. Asubuhi nikaikuta jikoni. Anasema mimi ndiye niliyeirudisha. Mimi sikumbuki, na sikubishana, kwa sababu katika hili sijiamini. Juzi ardhi ilitetemeka kidogo, kama inavyofanya. Sahani zote kabatini zililia, chupa hii ikabaki imesimama bila hata kutikisika.

Usiku wa kuamkia jana Didier alinishika mkono. "Solange, nakuomba," akasema. "Ule mama mudogo wako alikuwa na kinyongo na ninyi miaka yote ile. Ungekuwa wewe, ungetia nini ndani ya chupa?"

Hilo ndilo linalonitisha, kwamba swali lake ni la mtu mwenye akili. Tulimwita muuaji bila kumwambia. Alikuwa na miaka kumi na miwili ya kufikiria zawadi ya kutuachia.

Na leo viatu.

Nimekaa hapa saa nzima nikijaribu kuwa muuza dawa. Labda nilivimwagia kitu mwenyewe usingizini. Labda ni chupa ya nanasi inayovuja, ingawa nimeikagua na haivuji, na nanasi si marakuja. Nimevianika kwenye kidirisha, jua lipo, na havikauki.

Ningeweza kuimwaga. Mawe ya nyuma ya nyumba ni yaleyale, au watoto wa yale. Najua namna ya kuinamisha chupa ili isirushe. Nina uzoefu.

Nimekata nta kwa kisu.

Nimeleta gilasi mbili, nikarudisha moja. Gilasi ya pili ingekuwa ya kumwambia mama mdogo aonje kwanza. Nimemimina nusu. Rangi ni nyeusi kuliko nilivyokumbuka. Jani lenyewe limo bado, limekunjamana chini. Yeye alikuwa akilitoa siku ya pili, alisema likikaa linaharibu kinywaji. Hili amelisahau, au ameliacha kwa makusudi.

Nimeweka kiti upande wa pili wa meza. Najua ni upuuzi.

Nimekunywa.

Ni chungu. Chungu sana mwanzoni, kisha sukari iliyoungua, kisha kifua kinafunguka kama zamani tulipokuwa na kikohozi, kabla ya kifo cha dereva, mama mdogo akitupa kijiko kimoja kimoja na sisi tunapanga foleni tukicheka. Jani lililokaa miaka huwa chungu. Karuho nayo, wanasema, ni chungu. Sina namna ya kujua leo, wala kesho, wala mwezi ujao nikivimba au nisipovimba.

Namsikia Didier anafungua lango. Ataiona gilasi na atalia, kisha ataniuliza nani alionja kwanza. Nitamwambia ukweli.

Nimemimina ya pili. Kiti kile siwezi kuapa kwamba ni kitupu, na nakitazama. Sijaangalia viatu.