Mama Amejifunza Kuandika

Jumapili, 6 Aprili 2025

Dorine hajalala mchana, meno yanamsumbua. Na mimi sijalala, ila mimi sina meno ya kusingizia.

Mume wangu Dastan kapiga kwa picha saa kumi jioni. Meli imeanza kuvuka bahari kubwa, siku sita bila kuona nchi. Kanionyesha korido — zulia jekundu, milango mingi kama hospitali. Vyumba kumi na nane anatandika yeye, asubuhi na jioni. Anasema siku za baharini ndizo ngumu, abiria hawana pa kwenda, wanakula tu. Kuna mzee, chumba cha mwisho, kanywa chai ya asubuhi mara tatu. Nikauliza, akamaliza sahani zote? Kacheka. "Hapa hawamalizi, mama Dorine. Wanamwaga mkate mzima."

Mkate mzima. Nimebaki na hilo hadi sasa.

Kakunja taulo likawa tembo, Dorine akataka kulitoa ndani ya simu. Chande, mwenzake wa chumba, mtu wa Tunduru, akapenyeza kichwa: shemeji, huyu akikoroma meli inayumba. Namba ya Chande ninayo, ya dharura.

Mwisho kauliza kama kawaida, mama hajambo? Hajambo. Juzi katuletea mahindi mabichi kutoka Mpitimbi. Mama mkwe wangu, Mama Lidwina, hajui kusoma wala kuandika. Dastan alimwekea namba yake kwenye kitufe cha mbili, anabonyeza anaongea. Basi.

Jumatatu, 7 Aprili

Mama Lidwina amefariki.

Naandika nione kama itaingia kichwani. Alitoka kuchuma majani ya maboga, akakaa kizingitini, akamwomba Fausta maji. Fausta ni wifi yangu, ndiye anayekaa naye. Karudi na kikombe — hakuna mtu wa kukipokea.

Nimekuja Mpitimbi kwa bodaboda, mtoto mgongoni, matope hadi magotini. Nikatoa simu nimpigie Dastan. Mjomba Hironimus, kaka yake marehemu, akanishika mkono. Mtu aliye juu ya maji haambiwi msiba, kasema. Akianguka huko nani atamdaka? Ataambiwa akikanyaga ardhi.

Wazee wote wakaitikia. Nami nikaona ni haki. Jumamosi meli inatia nanga. Siku tano. Nitaweza.

Jumanne, 8 Aprili

Tumemzika.

Simu ilitetemeka mfukoni wakati katekista anasali. Sikupokea. Baadaye nikamwandikia, niko shamba, mtandao mbovu. Ndoa ya miaka mitatu, sijawahi kumdanganya hata bei ya nyanya.

Jumatano, 9 Aprili

Nimempigia Dastan kwa picha.

Nilijificha nyuma ya jiko asione turubai la msiba. Kapokea anacheka, machozi yanamtoka. Kasema, kwa nini mlinificha? Nikafikiri keshajua.

"Mama amejifunza kuandika!"

Kanisomea meseji mbili. *Mwanangu nipo salama, koo limekauka siwezi kuongea. Nimeandika mimi mwenyewe, nimejifunza.* Zimetumwa jana kwa simu ya mama. Jana! Saa ile tulikuwa tumetoka makaburini. Kawaonyesha wenzake wote wa vyumbani, hata bosi wao, Mfilipino, kampa mkono wa pongezi.

Mimi nikasema, hongera. Sijui mdomo uliitoa wapi.

Nikamfuata Fausta. Hakubisha.

"Wifi, alipiga simu ya mama mara tisa. Ningefanyaje? Nikaandika kama mama, nipo salama. Akauliza nani anamwandikia. Nikachanganyikiwa, nikaandika mimi mwenyewe."

"Na Jumamosi akiambiwa?"

"Jumamosi ipi?"

Tukaenda kwa mjomba. Kumbe ardhi anayosema si ya huko. Kaniuliza, ardhi ya ugenini nayo ni ardhi, mama Dorine? Ni hii ya hapa, kwenye kaburi, mikononi mwa watu wake. Mkataba wa Dastan unaisha Septemba.

Septemba. Miezi mitano marehemu atakuwa anaandika.

Alhamisi, 10 Aprili

Matanga yameanuliwa leo, nimerudi kwangu Mfaranyaki. Nyumba inanuka unyevu.

Dastan kapiga saa kumi, hacheki. Yule mzee wa chai mara tatu amekufa asubuhi. Wameambiwa wasitamke mbele ya abiria. Wakampitisha lifti ya mizigo, chini, kuna chumba cha baridi. Juu kwenye bwawa muziki haukuzimwa hata dakika moja, watu wanashindana kuruka majini, kapteni kwenye spika anatangaza hali ya hewa na mchezo wa bingo. Kufikia saa hii meli nzima inajua kidogo kidogo, lakini hakuna anayesema. Yeye kaambiwa abadilishe mashuka kabla ya mchana, atabasamu, aweke na mnyama wa taulo kitandani.

"Mnyama, mama Dorine. Na mke wake amekaa pale kwenye kiti."

Hakukunja. Alimwambia yule mama pole. Kwa Kiswahili, lugha nyingine haikuja. Yule mama akamshika mkono hakumwachia.

Kisha akasema: "Wanamficha mtu kama chupa iliyovunjika. Kwetu saa hiyo hiyo ungesikia kilio. Mimi nisingekubali kufichwa."

Nikaifunika simu kwa kanga. Akadhani mtandao umekatika, akaita halo, halo.

Kumbe alikuwa na ombi. Mama aandike jina la Dorine kwa mkono wake, kwenye karatasi, nipige picha, atabandika juu ya kitanda chake. Kesho saa kumi nimwonyeshe.

Nikasema sawa. Mimi. Nimesema sawa.

Ijumaa, 11 Aprili

Fausta kaja na bodaboda ya asubuhi. Kaleta karatasi iliyochanwa kwenye daftari, na kalamu.

"Andika kwa mkono wa kushoto, itatoka kizee."

"Andika wewe."

"Wangu anaujua. Na wako wa kulia anaujua. Kushoto, wifi. Herufi sita tu."

Nikamwambia hapana. Jina la mwanangu haliandikwi na mtu tuliyemfukia Jumanne. Kasema mjomba atatutenga. Nikasema atutenge, lakini aliyelala na Dastan kitanda kimoja ni mimi, nikimtazama Septemba atanitazamaje?

Fausta akakaa sakafuni. Simu ya mama iko kwenye kanga yake, anaichaji kila siku. Kasema, nikiizima hii, amekufa tena. Nikamshika. Tumelia vizuri, bila watu. Dorine akamletea Fausta kijiko chake.

Mjomba hakusema upuuzi. Aliuliza nani atamdaka. Hilo swali nimelala nalo. Nimeamua kumwambia leo, ila asiwe peke yake. Saa saba nikamwandikia Chande: *Shemeji, leo akinipigia usitoke chumbani. Kaa naye karibu. Msiba mkubwa. Usimwambie kitu.*

Kajibu baada ya nusu saa. *Innalillahi. Nimebadilishana zamu dada. Nitakuwa namgusa bega.*

Saa kumi kasoro tano. Nimevaa kanga nyeusi ya msiba, sijifichi nyuma ya jiko. Nimekaa sebuleni, mchana kweupe. Fausta kanigeuzia mgongo ila hajaondoka.

Inaita.

Kapiga kwa picha. Dorine kasikia mlio, kanyoosha mikono — tembo, tembo. Karatasi iko mapajani, nyeupe, haina jina.