Fomu ya Vumilia

Vumilia mwanangu,

Maharage yameiva, ongeza chumvi tu.

Ulipokuwa kwenye misa, dada yako alipiga simu kutoka Muyinga ili nimwone mtoto wake kwa video. Kompyuta ikakataa, kivinjari kimezeeka. Mfumo wake wa Linux ukaniuliza: kusasisha sasa au baadaye? Nilikumbuka vizuri ulivyosema, "Baba, usiguse mpaka nitume fomu ya chuo cha uuguzi." Nikabonyeza sasa. Kivinjari kikajifunga, kikafunguka kipya, na yote uliyojaza kwa siku mbili yamepotea.

~~Umeme ulikatika.~~ Hapana, nisikudanganye. Ni mimi.

Mtoto nimemwona, amelala. Na leo hii ninakwenda kwenye ubatizo wake, mchana ningempakata! Nikashindwa kungoja. Hata wewe nimeshindwa kukungoja utoke kanisani, naogopa kukutazama usoni.

Mwisho wa kutuma ni kesho saa sita mchana. Vyeti vyako nimeviweka hapa mezani, anza na majina. ~~Nitarudi Jumatatu.~~ Wakishambatiza tu napanda gari, narudi leo. Nitakusomea, wewe uandike. Ukitaka kunigombeza, nigombeze. Sitajitetea.

Baba